Nyuki Waliomfuata Faustina

Fuata nyuki ule asali, wanasema. Kule Igowole, Mufindi, mambo yalikwenda kinyume: nyuki ndio waliomfuata mtu, asali alikuwa nayo yeye mwenyewe ndani ya damu, na hakuna aliyefaidi.

Mtu huyo ni Faustina, mkaanga maandazi na mjane wa Silvester Mgaya. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, siku ya pili tangu arudi kutoka Mbeya, alikuwa uani akianika nguo. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya chai, na kamba ilikuwa imelowa kabla haijawekwa kitu. Nyuki wa kwanza akatua kwenye bega lake la kushoto. Faustina akamwacha, akamalizia soksi. Alipoinama kuchukua beseni, wengine walikuwa wamekwisha kufika na kujipanga kwenye mkono wa sweta kama vifungo. Walikuwa nyuki wa kawaida kabisa, wa ile mizinga inayotundikwa kwenye miti ya paina. Hawakuuma. Alidhani wamefuata harufu ya sukari ya maandazi, akaingia ndani kubadili sweta. Walimsubiri mlangoni, wakahamia kwenye sweta la pili.

Hapo akaelewa kwamba wamefuata kile kile alichoambiwa hospitali kule Mbeya.

Alikuwa amekwenda Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya, kwa bintiye, Benedicta, aliyekuwa amejifungua. Alikwenda kumkanda mzazi, akaishia yeye kuwa mgonjwa. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani na bado kinywa kilikuwa kikavu. Macho yaliingia ukungu, naye akadhani ni ukungu wa Mufindi umemfuata hadi huko. Siku alipoanguka sokoni, katikati ya matenga ya nyanya, Benedicta alimpeleka hospitali mjini. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akamtoboa kidole kingine, kama mtu aliyehisi kwamba kidole cha kwanza kimemdanganya.

"Mama, una kisukari."

"Mimi sukari siipendi kihivyo."

"Unafanya kazi gani?"

"Nakaanga maandazi."

Muuguzi akaweka kipimo mezani. "Na unaonja?"

"Nisipoonja nitajuaje?"

Muuguzi akamweleza. Vidonge asubuhi na jioni. Ugali usizidi ngumi. "Ngumi yako, mama, siyo ya baba." Faustina akamwambia baba alishafariki. "Pole. Basi ndiyo hiyo hiyo yako." Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Maharage yanafaa. Chai isitiwe sukari. Soda na juisi aziage. Na asishinde njaa kutwa halafu akaja kufidia usiku.

"Na ulanzi?"

Muuguzi, ambaye kwa lafudhi alikuwa mtu wa Njombe, alicheka. "Nilikuwa nakusubiri hapo. Ule mtamu ambao haujalala, mtogwa, ni sukari tupu inayotoka kwenye mwanzi. Uliochacha ukawa pombe nao una mambo yake. Kwa sasa achana nao wote."

Kisha akamwambia habari ya miguu. Asitembee peku hata uani. Avae viatu vya kufunika, ajitazame nyayo kila jioni. "Mguu wa mwenye kisukari hauna adabu," alisema. "Unaumia bila kumwambia mwenyewe. Unakuja kushtuka kidonda kimeshakuwa shimo, na hakiponi."

"Kinaanza kama punje ya haragwe," alisema Faustina.

"Ehee. Umewahi kukiona?"

Alikuwa amekiona. Alikuwa amekiosha kwa maji ya chumvi, kwenye kisigino cha Silvester, mpaka mguu ulipokuwa mweusi na Silvester akafa. Muuguzi alimtazama, akasubiri aseme zaidi. Faustina akauliza viatu vya kufunika vinapatikana wapi.

Sasa, ukoo wa Mgaya ulikuwa umekwisha kupata jibu la kifo kile bila kumsumbua daktari. Kabla ya kidonda kuanza, Silvester alikuwa amekunywa ulanzi nyumbani kwa Anord, jirani yao, fundi viatu. Anord alionja kwanza, kama desturi inavyotaka. Hilo halikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni kwamba alipompa Silvester kikombe, kidole gumba chake kilikuwa ndani, kimegusa kinywaji. Wanaukoo walikijadili kile kidole gumba jioni nyingi. Mwisho mawe yakaanza kuanguka juu ya bati la Anord, naye akafunga sindano zake na kalibu zake za mbao akahamia Mbalizi. Kichaka chake cha mianzi, kilichotoa ulanzi mzuri kuliko vyote pale kitongojini, kilibaki. Kasian, mdogo wake Silvester na msemaji wa ukoo, akaanza kukigema ili kisiharibike.

Kwa hiyo Faustina alipotaka viatu, alikwenda kwa Anord. Kibanda chake kilikuwa pembeni ya barabara kuu, malori yakipita na kukitikisa.

"Kamwene, mama Benedicta."

"Kamwene, baba."

Akampima miguu kwa uzi. Alipoona midomo yake imekauka, alimimina maji kikombeni, akaonja kwanza, akamkabidhi akiwa amekishika kwa chini kabisa, kwa ncha za vidole, gumba limesimama mbali kama mtu anayebeba chungu cha moto. Faustina akanywa.

"Mianzi yangu inatoa?" Anord aliuliza.

"Inatoa."

"Nani anagema?"

"Kasian."

"Basi ndiye niliyesikia anakata juu mno. Mwambie akate karibu na pingili."

Faustina akasema atamwambia. Viatu vilikuwa vyeusi, vya ngozi laini, na kisigino kimeshonwa mishono miwili, alama ya Anord tangu ujana wake. Alivivaa hapo hapo akapanda basi la kurudi.

Nyuki, basi, hawakumsumbua. Ilimchukua siku chache kujifunza mwenendo wao. Akila ugali wa ngumi na mchicha, walikuja wachache, wakakaa kidogo, wakaenda zao msituni. Siku aliyojidanganya kwa andazi moja la moto, la kuonja tu, lilikuja kundi zima likamfunika kilemba. Yale maandazi yenyewe hawakuyagusa hata mara moja. Aliendelea kuyakaanga, maana wachuma chai hawaendi shambani na tumbo tupu, lakini kazi ya kuonja alimwachia mteja wa kwanza. Alipokwenda kliniki, mashine na nyuki havikuwahi kupingana, na muuguzi wa zahanati akazoea kutazama kilemba kabla ya kutafuta kidole.

"Leo umekula nini, mama Benedicta?"

"Viazi."

"Vingi?"

"Si unawaona."

Tatizo halikuwa nyuki. Tatizo lilikuwa sahani.

Tangu Silvester afariki, mama mkwe wake, Bibi Yusta, alikuwa akimpelekea chakula cha jioni kwa mkono wa Juliana, wifi yake. Ilikuwa heshima kwa mjane, na pia ilikuwa njia ya kujua kama mjane yupo na kama yuko peke yake. Na kwa watu wa huku chakula hakikataliwi. Mwenye nacho huonja mbele yako, unaona koo likishuka. Akishaonja halafu ukakataa, umemwambia kwamba unaona ana sumu, na kwamba yuko tayari kuila mwenyewe ili akupate.

Sahani ya kwanza ilikuja na mlima wa ugali, nyama ya nguruwe yenye mafuta, na kikombe cha mtogwa juu ya kifuniko. Faustina alikata ugali wa ngumi, akachukua kipande cha nyama, akarudisha vilivyobaki na shukrani. Juliana alibeba sahani hadi jikoni kwa mama yake. Wakaifunua. Wakaitazama kwenye mwanga wa taa.

"Amekata pembeni," alisema Bibi Yusta. "Kwa nini pembeni?"

"Katikati anaona kuna kitu."

Jioni iliyofuata sahani ilikuja ugali umeshamegwa katikati, alama za vidole vya Bibi Yusta zikionekana wazi, ili mkamwana aone kwamba pameliwa na mtu hajafa. Faustina alikata ngumi yake pale pale pembeni, akarudisha.

Siku ya tatu Juliana hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda, akafungua chupa ya maji aliyokuja nayo, akanywa nusu yake kwa pumzi moja, akafuta mdomo.

"Wifi, unakula kama kuku mgonjwa. Au kuna mtu huko Mbalizi kakuambia sisi tunakuwekea kitu?"

"Nina kisukari, wifi. Nimeambiwa nipunguze."

"Kisukari ni ugonjwa wa wakubwa. Wa wenye magari."

"Hata mimi nilijua hivyo."

"Na hawa?" Juliana aliwaonyesha nyuki kwa kidevu.

"Wanafuata sukari iliyo kwenye damu. Ikipanda wanakuja, ikishuka wanaondoka. Ni kama kipimo."

Nyuki mmoja aliondoka kwenye kilemba cha Faustina, akazunguka chumba, akatua kwenye shingo ya Juliana. Juliana akajifunika kanga mpaka masikioni. Wa pili akatua juu ya kanga.

"Wamefuata mafuta niliyojipaka," alisema.

"Kapime, wifi."

"Nikapime nini? Mimi naumwa?" Alisimama, na alipokuwa anasimama macho yake yakafika chini, kwenye viatu vya Faustina. Akaviangalia kwa muda. "Vizuri," alisema. "Mishono miwili kisigino. Hivi viatu amekushonea nani?"

Faustina angeweza kusema amenunua sokoni. "Anord," alisema.

Kabla sahani haijaoshwa, habari ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sauti ya Juliana ilisikika ikisema anazungumza kwa uchungu na hapendi umbea. Shangazi aliyeko Mafinga akajibu kwamba yeye tangu zamani alijua. Mtu mmoja akatuma alama ya mikono iliyofumbwa kwa sala. Kasian alituma sauti fupi tu. Alisema nyumba aliyoacha marehemu ni ya ukoo, mjane hukaa humo kwa heshima, na heshima ina masharti. Mengine yatasemwa siku ya kaburi.

Faustina aliisikiliza mara mbili akiwa amekaa jikoni. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Alikuwa amefinyanga udongo wa jiko hilo kwa mikono yake. Hakuwa na nyingine, na Benedicta alikuwa amepanga chumba kimoja cha watu wanne.

Siku ya kaburi ni siku ya kumjengea marehemu. Mvua zikikatika, ukoo unakusanyika, fundi anamwaga saruji juu ya udongo, msalaba wa mbao unaondolewa na kuwekwa wa kudumu, katekista anasali, watu wanakula. Baada ya sala, kabla ya chakula, msemaji wa ukoo anamimina ulanzi kidogo chini, anaonja, kisha anampa mjane kikombe. Mjane akinywa, msiba umefungwa.

Mwezi wa tano ukoo wa Mgaya ulikusanyika. Asubuhi ilikuwa ya baridi na jua kali, kama kawaida. Kasian alikuja amevaa koti na ndala, kwa sababu kidole chake cha mguu kilikuwa kimefungwa kitambaa. Kitambaa hicho kilikuwepo tangu Krismasi. Alisema alijikwaa. Fundi alipokuwa akimwaga saruji, Kasian alikwenda nyuma ya jiko kujisaidia. Katekista alipofungua kitabu, alikwenda tena. Bibi Yusta aliketishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, akauliza kama wote wamefika, maana kutoka pale alipokaa aliwaona kama miti.

Ulanzi ulitolewa kwenye dumu, ukamiminwa kwenye kikombe cha bati. Ulikuwa wa mianzi ya Anord, umegemwa asubuhi ile ile, mtamu. Kasian akamwaga kidogo kwenye udongo. Akaonja, akakaa akisikilizia ulimi. Akafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, akamnyooshea Faustina huku gumba amelificha vizuri nyuma ya kishikio.

"Shemeji. Mfungie kaka msiba wake."

Faustina alisimama mbele ya ukoo wote, amevaa viatu vyeusi. Alikuwa na nyuki wawili tu siku hiyo. Alikuwa amekula vizuri. "Nashukuru, shemeji," alisema. "Huu nitammiminia marehemu chini. Kunywa sitakunywa." Akapokea kikombe kwa mikono yote miwili, akapiga goti, akamwaga ulanzi wote taratibu juu ya udongo, pembeni ya saruji.

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Juliana alisema "Ee Mungu," kwa sauti ya mtu aliyeshinda mashindano.

Kisha nyuki wakaja. Walitoka upande wa msitu kama moshi mwembamba, wakapita juu ya jiko, wakapita juu ya sufuria za nyama bila kushuka, wakampita Faustina. Wakatua kwa Kasian. Walianzia kwenye kile kitambaa cha mguuni, wakapanda suruali, wakamzunguka shingo kama kola. Kundi lingine likakaa kwenye kanga ya Juliana. Lingine likamfunika Bibi Yusta kitambaa cha kichwani, naye akauliza ni nani amemvika sweta. Wajomba na wakwe wa koo nyingine hawakuguswa. Watoto wachache wa Kasian walitazamwa na nyuki mmoja mmoja, akawaacha.

Kundi kubwa kuliko yote lilikwenda kaburini. Lilishuka juu ya saruji mbichi na kuifunika yote, kuanzia upande wa kichwa hadi upande wa miguu, na pale penye miguu walirundikana hadi wakawa kama tuta. Katekista alisogea hatua moja awapishe, akaanza tena na Baba Yetu. Walikaa mpaka Amina. Walipoondoka, saruji ilikuwa imejaa alama ndogondogo za miguu yao. Fundi akachukua mwiko, akazisawazisha.

Watu wakala. Baada ya kula wakaingia barazani kwa Bibi Yusta kwa kikao.

Kasian aliketi mbele. Nyuki walikuwa bado shingoni mwake, wametulia. Hakuwapangusa. Kuwapangusa kungekuwa kukiri kwamba wapo.

"Tuna mambo matatu," alisema. "La kwanza, mjane amekataa kikombe cha mumewe mbele ya watu, mimi nikiwa nimeonja. Maana yake mimi ni mchawi. La pili, amekwenda kwa mtu aliyemuua kaka yangu, akavalishwa viatu na huyo mtu, na viatu hivyo vimekanyaga kaburi. La tatu, amerudi na wadudu ambao hatukuwa nao. Nani aliwatuma, tusidanganyane, kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua," alisema Juliana, akafungua chupa ya maji.

"Ukoo haumfukuzi mtu. Aombe msamaha hapa, mbele yetu, anywe kikombe alichokataa, avue hivyo viatu tuvichome. Asipotaka, Jumapili aje na mtu wa kumsaidia kubeba vyombo."

Faustina aliomba kusema. Alisimama, maana mkamwana hasemi akiwa amekaa.

"Marehemu alikuwa anakunywa maji kama wifi anavyokunywa sasa hivi," alisema. "Alikuwa anatoka nje kama wewe, shemeji, unavyotoka. Mwisho alikuwa hanioni vizuri, kama mama asivyotuona. Nilidhani ni uchovu. Kidonda chake kilianza kama hicho unachokifunga kitambaa. Mimi nimeambiwa huu ugonjwa unarithiwa ndani ya familia, na ninyi ni familia moja. Anord hakuweka kitu kwenye kikombe. Zahanati iko hapo chini, wanatoboa kidole tu. Nendeni. Sitaki shemeji akatwe mguu."

Nyuki walisikika kidogo. Mzee Yotamu, mjomba aliyekuwa amekaa karibu na mlango na ambaye hakuwa na nyuki hata mmoja, aliinua mkono.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Kama siyo Anord, basi tulimfukuza nani?"

Kasian alimtazama kwa subira, kama mtu anayemtazama mzee aliyesahau siku ya juma.

"Tulimfukuza Anord," alisema.

"Na mianzi yake?"

"Mianzi inagemwa. Umekunywa leo."

"Nimekunywa," alikubali Mzee Yotamu. "Mtamu." Watu wakacheka kidogo, na kile kicheko kikawasaidia, wakakaa vizuri kwenye mabenchi. Shangazi wa Mafinga akasema jambo hili lisiendeshwe na wadudu. Mwingine akasema nyuki siyo wajumbe wa ukoo. Iliamuliwa kwamba mabua yachomwe kila jioni ili moshi uwafukuze, na kwamba atakayeonekana zahanati kwa ajili ya maneno ya Faustina atakuwa amechagua upande. Kasian akainuka, akaomba radhi, akatoka nje kwenda nyuma ya jiko. Walimsubiri. Aliporudi alikuwa anachechemea.

"Haya, shemeji," alisema akiketi. "Tunakusikiliza."

Juliana alikwisha kumimina. Kikombe cha bati kilikuwa juu ya meza, kimejaa hadi ukingoni. Bibi Yusta alinyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa Faustina, akaupata, akauvuta karibu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na alizungumza chinichini, ingawa kila mtu alimsikia.

"Mkamwana, wewe umenitunzia mwanangu mpaka mwisho. Mimi nalijua hilo. Nikilala nafikiri mambo mengi, na hata haya uliyosema nayafikiri. Lakini nyumba ni nyumba. Sema samahani, mwanangu. Neno moja. Unywe funda moja, utapike nyuma ya nyumba, nani atakuona? Halafu ukalale kwako."

"Na Anord je, mama?"

"Anord ameshazoea huko."

Faustina aliushika ule mkono kwa muda. Juu ya kifundo cha Bibi Yusta nyuki mmoja alikuwa anatembea taratibu. Kisha akauweka mkono wa mama mkwe wake juu ya paja la mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani, akakisogeza mbali kikombe cha bati bila kumwaga hata tone.

"Siombi msamaha," alisema. "Siombi leo, siombi Jumapili, na siku mkinijengea na mimi kaburi, mwambieni katekista asiniombee msamaha huo."